Watoto Watatu, Jina Moja

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu. Kompyuta tatu za kiwanda kidogo cha kufua nguo zimeshawashwa: moja kaunta, moja chumba cha pasi, moja pale mlangoni gari linapopakiwa. Kiti cha kona, mbele ya kompyuta ya nne ambayo bado imezimwa, karibu na kabati la sabuni, kimevikwa koti mgongoni. Mwenye koti hayupo.

Simu ya kaunta inaita. Dada anayeipokea anasikiliza, anairudisha polepole, kisha anamwandikia mteja aliye mbele yake tiketi ya mashati matano.

Ndivyo alivyopata habari kwamba kaka yake amefariki.

"Watu waliniuliza kwa nini sikulia palepale," anasema. "Mashati yalikuwa matano mezani. Nikaona nimalize kuhesabu."

Sasa ni mwaka na miezi minne tangu siku hiyo. Wenzake kazini wanamwita Bi Vifurushi, na jina hilo lina kisa chake.

Kaka yake ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, programu inayoifuata kila nguo tangu inapopokelewa hadi inaporudi kwa mwenyewe. Mwanzoni aliandika miradi mitatu, mmoja kwa kila chumba. Akirekebisha kosa la kaunta, kosa lilelile linabaki chumba cha pasi. Akachoka kukimbizana nalo. Akaunganisha yote kuwa mradi mmoja wenye milango mitatu.

Hesabu ya nguo ikawa imeandikwa mara moja tu, ndani, na kila chumba kikaingilia mlango wake. Anayepiga pasi haoni simu za wateja, na dereva hawezi kugusa bei. Kutoka kwenye mradi huo mmoja kaka alikuwa akijenga vifurushi vitatu, yaani faili za programu zilizo tayari kutumika, kila kimoja kikibofywa kinafunguka chenyewe.

"Alikuwa akisema hawa ni ndugu wa tumbo moja, ila kila mmoja na kazi yake," anakumbuka Bi Vifurushi, akicheka kidogo. "Halafu ananiambia, 'Mdogo wangu, siku moja utawalea wewe.' Nami namjibu, walee mwenyewe, uliwazaa wewe."

Yeye mwenyewe alikuwa amesoma kompyuta mwaka mmoja tu baada ya sekondari. Mradi kwa ndani aliujua kiasi, maana kaka alimwonyesha. Kujenga vifurushi alikuwa amekutazama kwa mbali, akiwa na nguo za watu mikononi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, bosi alinunua mzani wa kupimia mifuko ya mashuka ya nyumba za wageni. Mzani ulihitaji kifurushi chake, cha nne. Hakuna aliyejua kukitengeneza, kwa hiyo uzito na jina la mwenye mfuko vikawa vinaandikwa daftarini. Mwezi ule mashuka kumi na tisa yalipelekwa kwa wasio wenyewe.

Bosi akamwita pembeni. "Binti, marehemu namheshimu. Lakini mali za watu zinapotea. Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Ikishindikana nanunua programu ya dukani, hii tunaifuta."

"Mengine yote sikuyasikia," anasema. "Nilisikia 'tunaifuta' tu."

Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha kona, cha kaka yake, kwa mara ya kwanza. Katika faili la maagizo ya ujenzi alikuta mlango mmoja tu umetajwa. Akaelewa kwamba kaka alikuwa akiubadilisha kwa mkono: anataja mlango wa kaunta, anajenga; anataja wa pasi, anajenga; hadi wa gari. Yeye akaona, kabla ya kuongeza wa nne, aandike maagizo yote matatu kwa pamoja, amri moja ijenge vifurushi vyote kwa mpigo. Akaiandika amri. Kompyuta ikajibu kwamba kazi imefaulu. Akakuta faili moja, akadhani vyote vimo humo, akalipeleka kwenye mashine tatu.

Asubuhi yake sauti ikatoka chumba cha pasi. Ni ya mama wa makamo ambaye hapo kiwandani anaitwa Mama Pasi.

"We mwanangu! Tangu lini mimi nimekuwa dereva? Hili dude linaniuliza nimepakia mifuko mingapi!"

"Karibu kazini, mama," dereva akamjibu kutoka mlangoni. "Leseni unayo?"

Bi Vifurushi hakucheka. Alirudi kona akajenga tena, na tena. "Najenga vitatu, nakuta kimoja," akamwambia Mama Pasi aliyemfuata na pasi baridi mkononi. "Na hicho kimoja ni cha gari, cha mwisho."

"Umeviitaje?"

"Vyote vinaitwa dobi."

"Loo!" Mama Pasi akashika kiuno. "Umezaa watatu ukawapa jina moja? Sasa ukiita, aje nani? Si atakuja kitindamimba!"

Dereva alicheka hadi akakaa chini. Bi Vifurushi naye akacheka, kisha akaigeukia kompyuta ghafla.

Kila kifurushi kilichojengwa kilikuwa kinakifuta kilichotangulia, kwa kuwa jina ni lilelile. Kaka alikuwa akilibadilisha jina la kila kimoja kwa mkono kabla ya kujenga kinachofuata. Jambo hilo hakuliandika popote.

"Lilikuwa mikononi mwake," anasema. "Akaondoka nalo."

Aliandika majina matatu kwenye maagizo: kaunta, pasi, gari. Amri ikawa moja, vikatoka vitatu. Siku nne baadaye kikafuata cha nne. Dereva akashauri kiitwe kwa jina la marehemu.

"Nilikataa. Kazi yake ni kupima mifuko. Kinaitwa mzani."

Bosi hakununua programu ya dukani. Mwezi uliopita zilipita nguo elfu tisa na mia nne. Zilizopotea ni mbili. "Na moja ilikuwa soksi," anasisitiza Mama Pasi.

Koti alilichukua mama yao. Kitini Bi Vifurushi ameweka mto, na kila Ijumaa mchana anakusanya marekebisho ya wiki na kujenga upya. Anafikiria mlango wa tano, ambao mteja ataulizia nguo zake bila kupiga simu. Lakini alilolitanguliza ni kipande cha boksi la mashati alichokibandika ukutani juu ya kompyuta. Kina hatua sita za kujenga vifurushi, kwa herufi kubwa.

"Sitaki siku nisipokuwepo mtu akae hapa akibahatisha," anasema.

Ijumaa iliyopita alikwenda kung'oa jino. Dereva ndiye aliyekaa kwenye kiti cha kona, Mama Pasi akimsomea ukutani. Vilitoka vinne.