Kwa Nini Wafunguzi Huwashinda Wenye Jukwaa

Hapa Likasi onyesho la muziki hufanana na kupika bukari. Maji huchemka kwanza, ndipo unga unaingia. Orkestra kubwa inayotoka Lubumbashi ndiyo unga. Kundi la hapa hapa mtaani linalotangulia jukwaani ndilo maji. Watu hawaoni haja ya kuwahi kuliona, maana nani atatoka nyumbani kwake kwenda kutazama maji yakichemka?

Lakini kuna jambo nililoanza kuliona zamani, na bado linanishangaza. Watu wakirudi kutoka onyeshoni, mara nyingi wimbo wanaouimba njiani si wa orkestra kubwa. Ni wa lile kundi lililofungua. Orkestra imekuja na gitaa zinazong'aa, wachezaji wenye sare na spika ndefu kuliko mlango, na bado inaondoka ikiwa imeshindwa na vijana ambao mmoja wao amevaa viatu vya kuazima.

Nilianza kuwauliza watu pale soko la Kikula, ninapouza makala, yaani mkaa wa kupikia. Jirani yangu wa meza, mama anayeuza samaki wakavu, alikuwa na jibu tayari.

"Ba orchestre banakuyaka ba kushiba," alisema. "Muntu wa kushiba anaimbaka na tumbo. Ule wa njaa anaimbaka na macho."

Kijana wa teksi ya pikipiki aliyekuwa akingoja mteja akakataa. "Hapana, mama. Ni juu ya bière. Ba première bakiimba, bantu beko bazima. Ba orchestre bakipanda, bantu balisha kulewa, banaona ba guitariste babili-babili."

"Na weye unaonaka bangapi?" nikamuuliza.

"Minye niko dereva, Mama Makala. Naonaka moya tu."

"Uongo wako! Juzi ulipita mlango wa kwako ukaenda kupiga hodi kwa jirani," mama wa samaki akamwambia, na meza yote ikacheka.

Nilikuwa nauliza kwa kutaka kujua tu, lakini mwaka huu swali liliingia nyumbani kwangu.

Mimi ni mtoto wa kwanza katika nyumba yetu. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nilikuwa sekondari, darasa la tatu. Niliacha masomo nikachukua meza ya mama ya makala, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne na hakuna mtu mwingine aliyekuwa mbele yao. Wananiita yaya, kama kila mtu hapa anavyomwita aliyemtangulia kuzaliwa, lakini kwetu neno hilo limebeba na kazi ya mama ndani yake. Niliamua kwamba yule aliyeacha masomo ni mimi, na inatosha. Wengine watafika mwisho.

Mdogo wangu wa tatu, msichana, yuko mwaka wa mwisho. Anangoja Mtihani wa Serikali. Sauti yake ilikuzwa na kwaya ya parokia, lakini tangu mwaka jana anaimba pia na kundi la karindula. Karindula ni banjo kubwa ya hapa kwetu Katanga: pipa la mafuta limefunikwa ngozi ya mbuzi, shingo yake ni ubao mrefu, nyuzi zake ni waya wa breki. Mpigaji huikalia kama mtu aliyepanda punda. Muziki wake ni wa kilioni, pale watu wanapokesha na wafiwa, na wa nyuma ya baa. Wakubwa wengi wa parokia hawaupendi, na majirani zetu wa kanisa la maombi wanafunga madirisha wakiusikia. Wanafunga polepole, nimegundua, ili wasikie ubeti wa kwanza.

Siku moja mwezi wa tano tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, yeye na mimi, akaniambia kundi lao limepata kufungua onyesho la orkestra kutoka Lubumbashi, Jumapili mchana.

"Yaya," akasema bila kuacha kutwanga, "kama patron wa orchestre ananitaka, minye nitaenda naye."

"Na mutihani?"

"Mutihani iko kila mwaka."

"Weye pia utakuwa mwanafunzi kila mwaka?"

Akacheka, lakini hakurudisha neno lake. Namjua. Akicheka bila kurudisha neno, jambo limeshakaa.

Basi nilikwenda onyeshoni nikiwa na watu wawili ndani yangu. Mmoja alitaka mdogo wake aimbe vizuri. Mwingine alitaka aimbe vizuri, lakini isizidi.

Lilifanyika katika uwanja wa klabu ya zamani ya wafanyakazi, penye ukuta mrefu na miti ya jakaranda. Kiangazi kilikuwa kimeanza, vumbi jekundu limekaa juu ya viti vya plastiki. Nilikaa karibu na meza ya mtu wa sauti, yule mwenye vitufe vingi, kwa sababu nilitaka kuona kila kitu. Ndipo nikaona jambo ambalo sikulijua. Kundi la mdogo wangu lilipopanda, mtu huyo alishusha vitufe karibu vyote.

"Kaka, mbona hawasikiki?" nikamwuliza.

"Ni vile, mama. Ba première hatubapatie nguvu yote. Patron hapendi. Yeye akipanda, tunafungua yote mara moja, bantu banaruka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mpishi anayeeleza chumvi inawekwa lini.

Mdogo wangu akaanza kuimba. Sauti ilitoka kwenye spika nyembamba kama ya redio ya jirani. Nikaona mmoja wa watu wawili ndani yangu ametulia. Nikadhani mambo yameisha.

Lakini yule mtu wa sauti alikuwa mgeni, na hakujua watu wa hapa husikilizaje karindula. Karindula haitazamwi kwa mbali. Kilioni, pipa likianza kuvuma, watu huinuka na viti vyao na kulizunguka, kwa sababu haina spika, na anayebaki nyuma hasikii utani uliomo kwenye maneno. Tumezoea hivyo tangu utoto. Kwa hiyo sauti ilipokuwa ndogo, hakuna aliyelalamika. Watu walifanya wanalofanya siku zote. Mzee mmoja akabeba kiti chake mbele. Wamama wawili wakafuata. Kisha uwanja mzima ukasogea, viti vikikwaruza sementi, mpaka jukwaa likazungukwa pande tatu na watu wamenyamaza, kila mmoja amenyoosha shingo.

Wimbo wenyewe ulikuwa juu ya bidoni, yale madumu ya njano yanayopanga mstari kwenye bomba la maji pale mtaani, wakati wenyewe wamerudi kulala. Mdogo wangu aliutunga akingoja maji. Bidoni zinabaki peke yao, zinawasengenya wenyewe.

*Bidoni yangu iko mu mulongo, minye niko mu blanketi,*
*inaambia bidoni ya jirani vile bwana alirudia asubuhi.*

Mwanamke mmoja karibu na jukwaa akapiga ukelele. "Anasema juu yangu!"

"Hapana, ni juu yangu!" mwingine akajibu kutoka upande wa pili, na watu wakaanguka kwa kicheko. Mdogo wangu akaingiza jibu hilo hilo katika ubeti uliofuata, kama ilivyo desturi ya karindula. Kufika wimbo wa tatu, uwanja ulikuwa unaimba kuliko spika.

Nilimtafuta kwa macho mkubwa wa orkestra. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, mtu wa makamo, taulo jeupe shingoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anahesabu kitu kichwani, kama mimi ninapoona gari la makala la mtu mwingine linaingia sokoni.

Kisha wakapanda wao, na mtu wa sauti akafungua yote mara moja, kama alivyoahidi. Tatizo ni kwamba watu walikuwa wamekwisha kuhamia chini ya spika. Sauti iliwapiga kifuani. Watoto wakaziba masikio. Mzee yule wa kwanza akainua kiti chake tena akarudi nyuma, wamama wakamfuata, na uwanja mzima ukarudi mpaka ukutani, penye mishikaki. Orkestra ilicheza vizuri, siwezi kusema uongo. Gitaa la kwanza lilikuwa tamu. Lakini ilikuwa inaipigia sementi tupu, na kule ukutani watu walikuwa wanaulizana maneno ya wimbo wa bidoni.

Tulipokuwa tunatoka, mkubwa yule alimwita mdogo wangu. Nilisimama hatua chache nyuma. Alimwambia kwamba kesho asubuhi wanakwenda Kolwezi, na kwamba kuna nafasi yake.

"Niko na yaya," mdogo wangu akajibu.

Yule baba akanitazama, akaelewa. Kwetu mtoto wa watu hachukuliwi njiani. Anayemtaka, hata kwa kazi, huja nyumbani na kusema mbele ya aliyemlea. "Nitakuya asubuhi," akasema.

Nilidhani hatakuja. Alikuja kabla jua halijapanda vizuri, na mama mmoja wa makamo, mwimbaji wake, ili asionekane mwanamume anayekuja peke yake kuomba msichana. Basi lao dogo lilibaki barabarani limejaa vyombo. Mdogo wangu alikuwa amevaa sare ya shule, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, kwa sababu nilimwambia avae, lolote litakalokuwa. Niliwapa viti, nikaketi juu ya gunia.

"Mama," yule baba akaanza, ingawa ningeweza kuwa binti yake, "nakuya kuomba mutoto."

"Nimesikia, papa. Lakini kwanza niko na swali. Linanisumbua tangu zamani." Nikamwuliza kwa nini wanaofungua huwashinda wenye jukwaa.

Mwimbaji wake akajifunika mdomo. Yeye mwenyewe akacheka mpaka akajifuta macho kwa taulo.

"Mama, weye ni wa kwanza kuniuliza. Bengine banasemaka ni bulozi." Akafikiri. "Sikia. Ule wa kufungua iko na nyimbo tatu. Anatoa tatu za kupita zote, anashuka. Minye lazima niimbe mpaka bantu banichoke. Njo kazi yangu, kuimba mpaka banichoke."

"Na weye ulifunguliaka bantu?"

"Sana! Kule Kipushi nilifunguliaka orchestre moya kubwa. Nilibamaliza. Kesho yake banakuya kwetu, kama hivi."

"Wakakuchukua?"

"Bananibeba."

"Wakakuweka wapi?"

Akalikunja taulo lake. "Nyuma. Mu chœur, kuitikia."

"Muda gani?"

"Mpaka mwenye orchestre alikufa," mwimbaji wake akajibu kwa niaba yake.

Tukacheka wote, lakini nilimwona mdogo wangu hacheki. Alikuwa anamtazama yule mama mwimbaji.

"Mama, na weye ulifunguliaka nani?" akamwuliza.

"Yeye," yule mama akasema, akimwonyesha mkubwa wake kwa kidevu. "Kule Kambove. Nilikuwa kidogo kuliko weye."

Mkubwa akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha: ya baba, ya mama, ya darasa langu la tatu. Sikuyasema. Niliona hayahitajiki, na niliogopa nikiyasema yatageuza uzani upande mwingine.

"Papa," mdogo wangu akasema, "nikikuya, na pipa yetu itakuya? Na benzangu?"

"Pipa? Mutoto wangu, hii bus haina nafasi hata ya kikombe."

"Na bidoni nitaimba?"

"Utaimba zetu. Kisha tutaona."

Mdogo wangu akalitazama basi kule barabarani. Kuku alipita kati yetu bila haraka. "Basi nitafanya mutihani," akasema. "Mukirudia Likasi, tutakuya kubafungulia tena."

"Kunifungulia?" Yule baba akainuka kama aliyekalia moto. "Weye? Jamais! Utakuya kuimba mbele yangu siku nitakuwa natafuta kuacha kazi!" Alikuwa anacheka, lakini nadhani alisema kweli.

Kwa maneno yote hayo saa ya masomo ilikuwa imekwisha kupita, na yule baba mwenyewe akaona aibu. Akasema shule iko njiani kwao, watamshusha. Mdogo wangu akachukua mfuko wake, akapanda, akakaa kati ya kinanda na ngoma. Mlango ukafungwa.

Kabla vumbi halijatua, jirani wa kanisa la maombi alikuwa ametoka amejifunga kitenge kimoja tu. "Yaya wa batoto! Banamubeba! Mutoto anaenda Kolwezi!"

"Anaenda ku masomo," nikamjibu.

"Na bus ya ba musicien?"

 Nilifunga nyumba na kubeba gunia langu kwenda sokoni. Kwa kawaida napita njia ya bomba. Siku hiyo nilipita upande wa shule, ambako ni mbali zaidi, nikasimama kwenye ukuta uliobomoka. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Katika dirisha la tatu niliona kichwa cha mdogo wangu kimeinama, anaandika na yeye, haraka, kama mtu aliyechelewa.