Siku Niliyomwaga Maji ya Mama Mkwe

Leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, kwa hiyo nyinyi majirani zangu wa hapa Erdington mkimaliza kunicheka mnirudishie heshima yangu hata nusu.

Yuki wangu mnamjua, yule tunayeendesha naye baiskeli kando ya mfereji kila Jumamosi. Aprili tulikwenda kwao Japani, tukapanda milima siku tisa (wazee wa huko walikuwa wananipita wakinionea huruma), mwisho tukaelekea kwa mama yake nijitambulishe, maana mama alishasema kwenye simu hamtoi binti yake kwa mtu asiyemjua.

Tulifika tukinuka jasho. Mama akaniinamia, akanionyesha bafu, mgeni huoga kwanza. Yuki akaanza kunieleza, nikamkatiza, "Najua, najua! Unajisugua nje, ukishatakata ndipo unaingia kwenye beseni." Nikajisugua, nikaingia, we! Maji ya moto hadi shingoni, miguu ikasahau ile milima yote. Mara Yuki akaniita kutoka nje: "Ukimaliza, mama anaingia."

Anaingia wapi? Humu? Jamani, mimi ni Mbukusu. Kwetu mama mkwe humpi hata mkono, sasa aje aoge maji niliyolowekea mwili wangu? Nikasema hapana, sitamkosea mama wa watu. Nikatoka, nikang'oa kizibo, nikasugua beseni likang'aa, nikafungua bomba nimjazie mengine. Baridi! Ukutani kulikuwa na vibonye vya maandishi yao, nikabonyeza kimoja, sauti ya mwanamke ikaanza kunisemesha Kijapani, nikabonyeza kile kikubwa ili inyamaze, kumbe ndicho cha kuita msaada, kengele ikalia huko jikoni, na mama mkwe akidhani nimezirai akaja mbio akafungua mlango.

Mimi hapo na kitaulo cha kufutia uso. Nikachuchumaa ndani ya beseni tupu nikimwomba Mungu anichukue.

Mama akarudi nyuma, akafunga mlango. Yuki naye akafika. "Wafula, umeyamwaga? Yale maji tunaoga nyumba nzima! Mama ameshinda amesimama kazini dukani tangu asubuhi, alikuwa anayangojea hayo tu."

Nikajua arusi imekufa. Nikasema humo humo ndani, "Mwambie sikumdharau. Kwetu mama mkwe ni mtu wa heshima, singeweza kumwachia uchafu wangu."

Yuki akatafsiri. Halafu nikamsikia mama anacheka, anacheka hadi anakohoa, akasema maneno ambayo Yuki alinitafsiria huku akifuta machozi: "Anayeogopa kunikosea hivi hatakutesa. Mwambie avae, chakula kinapoa."

Arusi ni Agosti, hapa hapa Birmingham, na mama zetu wote wawili wanakuja. Siku hizi mtu akinieleza jambo namwacha amalize, kisha namwomba arudie. Ila mama yangu kule Bungoma hajui bado kwamba mkwe wangu ameshaniona na kitaulo, na akijua atadai kondoo wa kututakasa kwa mila yetu, kwa hiyo tafadhalini, atakayekaa naye meza moja siku ya arusi aongee habari za mvua tu.