Kipande cha Ubao Kutoka Lyamkena

Juzi, katika ofisi moja ya serikali Makambako, mama mmoja wa kwetu Lyamkena, niliyemsindikiza, aliulizia fedha za kukarabati daraja la mtaani kwetu. Siku hizi za kuchangia kila kitu, mawe na mchanga tulishasomba wenyewe, kama tulivyoagizwa.

"Fedha ipo, mama," karani akasema, "lakini ni ya ukarabati. Daraja lenu limeshasombwa na maji. Tukarabati nini?"

"Mwaka jana lilikuwa bovu tu. Mkatuambia tusubiri."

Karani akainua mabega. Mama akafungua kitenge, akatoa kipande cha ubao alichookota mtoni, akakibwaga mezani.

"Haya, karabatini hiki."

"Toa! Unanichafulia mafaili!"

Katika ofisi ile yote, uchafu pekee alioweza kuuona bwana yule ulikuwa tope la mto wetu.