Mama, Mamba na Meli ya Saa Tano

Mimi ni karani wa majani chai. Kazi yangu ni kukaa kwenye kituo cha kupimia majani, kule juu ya Sigowet, nikiwa na mizani, kalamu na uongo mmoja. Kalamu huisha wino. Uongo hauishi. Hatupimi mpaka lori la kiwanda likaribie, kwa hivyo wakulima wanaweka vikapu vyao chini, wanakaa kwenye nyasi na kungoja. Lori linatakiwa kufika saa nane. Likija saa kumi tunamshukuru Mungu. Likija saa moja jioni tunamshukuru pia, maana kuna siku haliji kabisa. Na kila anayeniuliza namjibu bila hata kuinua macho: "Lori iko njiani."

Sijui kama iko njiani. Mara nyingi hata dereva bado anakunywa chai. Lakini mtu akiambiwa iko njiani anatulia, na akitulia haniletei maneno.

Miongoni mwa wale waliotulia kwenye nyasi kwa miaka ishirini ni mama yangu mzazi. Hakuwahi kutaka apendelewe. Alikuwa anaweka kikapu chake kwenye laini kama wengine, ananiuliza kama wengine, na mimi namjibu kama wengine.

Sasa, ukisimama kwenye uwanja wa mama asubuhi, pale anapoanika nguo, unaliona ziwa kule chini kabisa, upande wa Kisumu, linang'aa kama sahani iliyooshwa. Mama ameliangalia maisha yake yote na hajawahi kuligusa. Baba aliligusa. Kabla mimi sijazaliwa, baba alikuwa mpakiaji mizigo kwenye meli za Kisumu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Alimwambia mama kwamba meli ikifika katikati ya maji asubuhi, yeye anageuka, anaangalia milima ya kwetu, na anaona moshi wa jiko lake. "Nikiona moshi najua umeamka," alimwambia. Basi mama, msichana aliyeolewa juzi, akawa anatia kuni mbichi makusudi ili moshi uwe mwingi. Alikuwa anakohoa hapo jikoni mpaka majirani wakadhani ana kifua.

Baba alishakufa zamani. Lakini mama hakuacha kutaka kitu kimoja: kupanda meli, afike pale katikati, ageuke, aone kwetu kutoka majini.

Ilikuwa ndoto ya kungoja tu, mpaka mwaka jana macho yake yalipoanza kumsumbua. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba dawa itachelewesha lakini haitarudisha kilichopotea. Aliniita pembeni. "Kama kuna kitu mama anataka kuona," akaniambia, "msingoje sana."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwanamume wa vitendo. Kuna meli ya watalii pale Kisumu, nyeupe, ya ghorofa mbili, inayozungusha watu ziwani na kuwarudisha. Inatoka saa tano kamili asubuhi. Nikanunua tiketi mbili. Kisha nikaona haya kumpeleka mama mpaka Kisumu kwa ajili ya meli peke yake, kama mtu anayeenda kusaga mahindi posho mill. Lazima atembezwe mji kwanza. Nani wa kumtembeza? Mimi, niliyewahi kufika Kisumu mara nne, tatu zikiwa za kwenda kuchukua spea ya mizani.

Niliandika ratiba kwenye kitabu cha mazoezi. Saa mbili, mnara wa saa. Saa mbili na nusu, sokoni. Saa tatu na nusu, makumbusho. Saa tano, meli. Na kwa sababu mimi ni mtu wa ofisi, nikaipiga ratiba muhuri wa kituo cha majani. Mke wangu aliuona ule muhuri akatoka nje kwenda kucheka na ng'ombe.

Tuliondoka alfajiri kwa gari la kukodi. Nilivaa suti ya harusi yangu, na mama nikamvalisha sweta mbili na kubeba viatu vyake vya gumbuti kwenye mfuko, maana kwetu mtu hasafiri bila kujiandaa na mvua. Kufika Kisumu, jua lilikuwa limeamka kabla yetu. Saa mbili na robo nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima, lakini sikuvua koti. Mtembeza watu havui koti.

Chini ya mnara wa saa nilimwelezea mama historia yote ya mnara, ambayo niliitunga hapo hapo. Mwanamke aliyekuwa akiuza karanga aliniangalia, akamwangalia mama, akamwambia, "Pole." Sokoni mama alitaka kuona bei ya mahindi tu, alinganishe na ya kwetu, lakini mimi nikamburuta kwenye samaki nikimtajia majina. Nilikosea yote. Wenye samaki walinisahihisha kwa furaha kubwa, na tukapoteza nusu saa hapo nikibishana nao kuhusu samaki wao wenyewe.

"Weri," mama akasema, maana mpaka leo ananiita kijana, nikiwa na mvi, "meli itatuacha."

"Mama, tulia. Ratiba iko na mimi."

Makumbusho tulifika karibu saa nne na nusu. Na hapo ndipo pana mamba. Nilikuwa nimemwahidi mama mamba, nikamsimulia njia nzima jinsi anavyofungua mdomo ukaona meno mpaka ya nyuma. Tukasimama kwenye ukuta wake. Mamba alikuwa amelala, mdomo umefungwa kama bahasha.

"Huyu amekufa," mama akasema.

"Hajafa. Ngoja tu, atapiga miayo."

Tukangoja. Nikamwita mamba. Nikampigia mluzi. Nikamrushia kijiti kidogo, mlinzi akaniambia nikirusha kingine nitakifuata humo ndani. Mama alinivuta koti, akauliza saa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

"Twende," akasema. "Wamesema saa tano."

Nikacheka. Hii ndiyo sehemu inayoniuma, kwamba nilicheka. "Mama," nikamwambia, kwa sauti ile ile ya kwenye mizani, "umewahi kuona gari ya saa nane ikija saa nane? Ikiandikwa saa tano, itatoka saa saba. Mimi ndio najua mambo ya usafiri."

Na kwa kweli niliamini. Mtu aliyekulia kwetu akiona saa imeandikwa, anajiongezea masaa mawili, matatu, halafu ndiyo anatafuta viatu. Sikujua kuna watu duniani wanaoandika saa tano wakimaanisha saa tano.

Mamba hakupiga miayo. Tulifika gatini saa tano na dakika ishirini. Meli ilikuwa imekwenda mbali kama kutoka kwetu mpaka kanisani, na watu walikuwa ghorofa ya juu wakipunga mikono. Nilimpa mama mmoja aliyekuwa getini tiketi. Akaziangalia, akaniangalia mimi na suti yangu.

"Mzee, meli imeenda."

"Imeenda aje? Si ni tano na dakika ishirini tu!"

"Ndiyo. Imeenda saa tano."

"Kwani hamngoji watu?"

Alifikiri kidogo, kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa kitu kigeni. "Hapana," akasema.

Mama alikuwa ameshaketi kwenye benchi, ameweka mkoba wake mapajani, anaangalia maji. Nikaenda kusimama mbele yake, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Naapa sikuupangia chochote. Ukasema, "Usijali, mama. Itarudi itubebe. Iko njiani."

Mama aliinua uso. Hakukasirika. Angekasirika ningepona.

"Hiyo nimeisikia miaka ishirini," akasema. "Nikiwa kwenye nyasi, na mvua inaninyeshea. Nilikuwa najua unadanganya. Lakini nilisema, ni mtoto wangu, wacha nisimwaibishe mbele ya watu."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia kwenye nyayo. Nikavua koti hatimaye.

Nilihangaika nikapata mwenye boti ndogo ya injini, aliyekubali kutupeleka baada ya chakula chake cha mchana. Tuliingia majini saa nane. Mama alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili, na sweta zake mbili, na jaketi la kuokolea juu yake, mnene kama gunia la majani. Tulipofika katikati akageuka polepole kuangalia kwetu.

Sasa, mtu yeyote wa kwetu, hata mtoto wa nasari, anajua kwamba ikifika saa saba mchana mawingu yanashuka. Asubuhi kweupe, mchana mvua. Tunaanua nguo kwa saa hiyo. Mimi, mjuzi wa usafiri, sikulifikiria hilo hata mara moja. Kule milima inapokaa palikuwa na wingu jeusi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mlima. Hakuna hata kivuli cha mlima.

Nikaona vilima upande wa kushoto, viko wazi, vinapendeza. "Ile pale, mama!" nikasema. "Ile ndiyo kwetu!"

"Hiyo ni Nandi," mama akasema. "Mimi macho ndiyo yanaharibika. Akili bado."

Mwenye boti akageuza uso upande mwingine, mabega yakitetemeka. Mama aliendelea kuangalia lile wingu. Baada ya muda akasema, "Kunanyesha kwetu. Na nguo niliacha nje." Tukarudi.

Nikamwambia tutarudi mwezi ujao, asubuhi mapema. Akasema sawa. Mwezi ujao majani yakawa mengi na sikupata ruhusa. Uliofuata, gari likakosekana. Uliofuata, sijui hata nilisema nini. Jamani, sikuwa na nia mbaya. Ni vile tu ulimi ulishazoea, na kila mama aliponiangalia nilimpa neno la kumtuliza, na yeye akatulia. Ilipofika Krismasi alianza kumimina chai nje ya kikombe. Mwaka mpya akawa ananitambua kwa sauti.

Januari tulikwenda. Mke wangu alinisukuma mlangoni saa tisa usiku, na hakukuwa na ratiba, muhuri wala suti. Jua lilitukuta tumeshafika gatini. Yule mama wa getini alikuja kufungua akatukuta kwenye benchi.

"Mzee," akasema, "meli ni saa tano."

"Najua," nikamwambia. "Tumekuja kungoja."

Tulingoja masaa manne. Ndiyo mara ya kwanza maishani nilikaa upande wa nyasi, na nakwambia ni mbali sana kutoka pale mpaka kwenye mizani. Mama alikuwa ametulia kabisa. Aliniambia mambo ya baba, jinsi alivyokuja mwisho wa mwezi akinuka mafuta ya meli, na jinsi yeye mama alivyokuwa akimwuliza kila mara, "Uliona moshi?" na baba anajibu, "Niliuona."

Meli ilitoka saa tano kamili. Nilimpandisha mama mpaka ghorofa ya juu, nikamkalisha upande unaoangalia kwetu. Hapakuwa na wingu hata la kufutia kidole. Milima ilisimama pale yote, kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, na nikaijua kwetu mara moja, bila kubahatisha. Nililia. Nilijifuta kwa leso nikijifanya ni upepo, ingawa mtu ambaye haoni hana haja ya kudanganywa hivyo.

"Tumefika katikati?" mama akauliza.

"Tumefika."

"Unaona mlima?"

"Naona, mama. Uko wazi. Rangi ya bluu, na pale juu kwetu ni kijani."

Aligeuza uso wake upande huo hasa, bila mimi kumwelekeza, akaukalisha hapo.

"Na moshi?" akauliza. "Unaona moshi wa jiko langu?"

Ulimi wangu uliinuka. Nilijua jibu lake, la miaka ishirini, tamu, la kutuliza. Ni neno moja tu, na angeshuka melini akiwa na furaha, na nani angejua? Niliangalia tena ule mlima, nikaangalia sana, mpaka macho yakaniuma.

"Sioni, mama," nikasema. "Sioni moshi wowote."

Akainamisha uso. Nikajua nimemharibia, nimemharibia yeye na nimemharibia baba kaburini. Halafu nikahisi bega lake likitetemeka kwenye bega langu, na kumbe anacheka.

"Sasa ungeuona wapi, weri?" akasema. "Si mwenye kuwasha moto yuko hapa na wewe?"