Lebo Ambayo Nasteha Hakuibandua

Ukikosa usingizi, Nasteha atakuuzia mafuta ya lavenda, tone moja kwenye mto. Kichwa kikikugonga, ya mnanaa. Na kifua kikikubana kwa baridi ya Julai, ambayo hapa Eldoret haina adabu, atakupimia mafuta ya mkaratusi na kukuongezea mahubiri ya bure: matone matatu katika beseni la maji moto, shuka kichwani, macho yamefumbwa, vuta pumzi polepole. Halafu atakukazia macho. "Hii si ya kukunywa. Ukikunywa usiseme ni mimi." Wateja humwigiza mbele yake wakicheka, naye huwaacha wacheke.

Wengi huja na chupa zao, na zilizo nyingi ni za dawa ya kikohozi, kwa sababu ni za kahawia na mafuta haya hayapendi mwanga. Nasteha huibandua lebo kwa ukucha wa kidole gumba, huigandisha kwenye ukingo wa meza, kisha huandika juu ya chupa kwa wino mwekundu: SI YA KUNYWA. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuiruka hatua hiyo. Msichana aliyemsaidia zamani aliiruka mara moja tu, akasemwa mpaka akalia.

Alhamisi hiyo aliiruka mwenyewe. Selpha, mchuuzi wa mahindi na rafiki yake wa siku nyingi, aliingia mbio mbio na chupa yake ya kahawia. Mumewe Elphas alikuwa hoi kwa mafua, naye alitaka kumwachia mafuta nyumbani Yamumbi kabla ya kukimbilia soko la Ziwa. Wakaanza kutaniana kuhusu wanaume ambao mafua yakiwashika huandika wosia. Nasteha akacheka, akajaza, akafunga, akamkabidhi.

Ilipofika saa saba akaja mteja mwingine na chupa yake. Nasteha akaibandua lebo, akanyoosha mkono kuigandisha, akaona ukingo wa meza ni mtupu. Ile ndiyo iliyokuwa lebo ya kwanza siku hiyo. Akaikumbuka chupa ya Selpha na lebo ya binti yake ubavuni, kwa mwandiko wa kliniki: Nekesa, miaka miwili, kijiko kimoja mara tatu kwa siku.

Akapiga simu. Selpha alikuwa ameshafika Ziwa, kelele za soko zimemzunguka.

"Mama Nekesa, ile chupa umeweka wapi?"

"Kwa meza. Baba Nekesa alikuwa amelala, sikumwamsha. Kwani?"

"Nekesa ako na nani?"

"Na yeye. Ameanza kukohoa tena tangu asubuhi." Selpha akasogea mbali na kelele. "Mama Idris, nini mbaya?"

Nasteha akamwambia. Hakujitetea hata kwa neno moja.

"Lakini hiyo kitu inanuka," Selpha akasema. "Akifungua tu atasikia harufu."

Kisha wote wawili wakakumbuka. Elphas hakuwa akisikia harufu ya kitu chochote tangu Jumatatu. Pua ilikuwa imeziba kabisa, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kununua mafuta yenyewe.

"Simu yake imezimwa tangu asubuhi," Selpha akasema, sauti imebadilika. "Wewe ndiye uko karibu. Nenda."

Nasteha alimwacha mteja amesimama na duka wazi. Akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, buibui amelikusanya mapajani, akamwambia dereva Yamumbi, na asijali matope. Alijua vizuri mno alichokiuza. Kijiko kimoja cha mafuta yale kinatosha kumtia degedege mtoto wa umri ule, na watoto wengine hawaamki. Njia nzima aliomba, na katikati ya maombi akawa anajitukana. Ile hofu aliyokuwa akiwauzia watu kila siku pamoja na mafuta, leo ilikuwa imemrudia mwenyewe.

Alimsikia Nekesa akilia kabla hajafika mlangoni. Hakubisha hodi.

Elphas alikuwa ameketi kwenye kochi, koti mwilini, macho mekundu, mtoto amembana katikati ya magoti. Mkono mmoja ulikuwa umemshika pua ili afungue mdomo. Mwingine ulikuwa na kijiko kilichojaa. Nasteha alikipiga kile kijiko kwa kiganja, kikaruka mpaka ukutani.

"Mama Idris, unafanya nini kwa nyumba yangu?"

Nasteha alimnyakua mtoto, akaweka pua kwenye kinywa chake kidogo, akanusa. Akanusa tena. Harufu ilikuwa kwenye nguo na kidevuni, kinywani hakuna.

"Amemeza? Baba Nekesa, niambie ukweli. Amemeza hata kidogo?"

"Amekataa. Kijiko cha kwanza kimemwagika chote kwa kidevu, amefunga meno. Si ni dawa yake, hiyo ya kliniki?"

"Ni mafuta ya kujifukiza. Yako. Nimekosa mimi, sikutoa lebo. Vaa viatu, twende kliniki wamwangalie hata hivyo."

Elphas aliinua chupa puani, akavuta hewa, asisikie kitu. Akachovya kidole, akakigusisha ulimi. Uso ukamkunjamana kwa ukali wake. Aliiweka chupa chini taratibu, akamtazama binti yake aliyekuwa bado analia kwikwi begani kwa Nasteha. Hapo ndipo Nasteha alipoona miguu ya mtoto: alama za vidole, nyekundu, juu ya magoti yote mawili.

"Nimemchapa," Elphas akasema. "Mara mbili. Nilidhani ni ukaidi."