Maganda ya Risasi Chini ya Kitanda cha Baraka

Wazazi walipokufa niliacha shule nimlee mdogo wangu Baraka, na hadi leo simwachii mtu. Basi nilipokuta chini ya kitanda chake, hapa ughaibuni, mjini Euless, kopo la maganda ya risasi na katalogi ya mashine za umeme za kuyapunguza urefu, roho ilinitoka. Kwetu Kongo, maganda kama hayo yalibaki uani siku tuliyozika wazazi.

Sikumuuliza. Nilimnusa nguo, nikapekua mifuko, nikasikiliza simu yake mlangoni.

"Hiyo ndogo inapata moto haraka, Mzee," alisema. "Chukua yenye injini kubwa."

Mzee! Kumbe ameingia genge, tena lina mkubwa wake.

Jumapili nikamwita mchungaji wetu nyumbani, nikamwaga maganda mezani.

"Mwombee huyu! Ameingia genge, na mkubwa wao anaitwa Mzee!"

"Dada, nyamaza," Baraka akanong'ona. "Nilificha kwa sababu ukiona risasi huli."

Mchungaji akaokota ganda moja, akakohoa.

"Haya ni yangu, mama. Nayajaza tena baruti nyumbani, ya kuwindia paa, na kila yakipigwa hurefuka kidogo. Mkono umechoka kuyakata, nikampa Baraka haya na katalogi anichagulie mashine. Mkubwa wa genge ni mimi."