Mahindi ya mbegu ya Mama Karimi

Leo nimetoka kanisani nikiwa na hasira.

Mhubiri mgeni alitusomea shairi la zamani, lile nililofundisha miaka mingi hapa Kanyakine. Linasema tumaini ni mbegu iliyoning'inizwa juu ya moshi wa jiko wakati wa njaa.

Nikafurahi. Hata nikasogea mbele kwenye benchi.

Kumbe.

"Mbegu yako ndiyo tumaini lako," akasema. "Basi ilete hapa madhabahuni leo, uone miujiza."

Watu wakatoa noti.

Jirani yangu Mama Karimi, mjane, hana noti. Akaenda nyumbani, akarudi na mahindi yake ya mbegu, meusi kwa moshi, yale anayongojea mvua ayapande. Hana mengine.

Mhubiri akayasukuma kando kwa kiatu. "Haya tutawapa kuku."

Nikasimama polepole, nikayaokota.

"Mzee, unamwibia Mungu?" akauliza mhubiri.

Nikamjibu kwa upole, kama nilivyozoea darasani. "Kijana, soma tena. Tumaini limeitwa mbegu kwa sababu hata mwenye njaa haili mbegu yake. Katika shairi hilo, anayeidai ni njaa yenyewe."

Nikatoka nayo nje.

Mama Karimi akanifuata, akayapokea. "Mwalimu, sitalaaniwa?"

Hilo ndilo lililonichefua kuliko kile kiatu.

Nyinyi niliowafundisha, mkipita kwake wiki hii, mwambieni apande. Mimi nimemwambia, lakini bado anaogopa.